Springi za Gari: Ufunge Mwenyewe au Umpe Fundi?

Kicheni pati zetu zinafundisha mengi. Utafundwa namna ya kumpokea mgeni wa ghafla, namna ya kukaa na mawifi, namna ya kubana pesa ya matumizi, na mengine ambayo siwezi kuyaandika kwenye ukurasa huu. Lakini sijawahi kumsikia somo hata mmoja akimwambia bibi harusi afanye nini siku gari la nyumbani linapoanza kugonga mguu wa mbele, na mumewe anapotangaza kwamba fundi wa nini, springi atafunga mwenyewe.

Usicheke, msomaji wangu. Swali hili linaonekana la wanaume, la grisi na spana, lakini ndani yake kuna mambo matatu yanayotuhusu wote: usalama wa watu wanaopanda gari hilo, pesa ya familia, na heshima ya mtu ndani ya nyumba yake. Kwetu swali hili lilikaa mezani wiki mbili nzima. Naandika tulivyolizungumza na tulipofikia, maana najua kuna wenzetu kibao wanaoliishi hivi sasa, kama si kwa springi basi kwa bomba la maji, rangi ya ukuta au nyaya za umeme.

Gari na maisha yake

Gari letu ni Toyota IST. Kama unakaa Dar huhitaji maelezo zaidi, maana ukisimama dakika tano pembeni mwa barabara ya Uhuru utaziona za rangi zote. IST ilianza kutengenezwa Japani mwaka 2002, kwa ajili ya barabara za Japani na familia za Japani. Sisi tumeileta huku tukaipa kazi nyingine kabisa.

Tunakaa ghorofa ya tatu, mtaa wa pembeni karibu na Mnazi Mmoja. Siku za wiki gari linatembea kidogo, maana ofisi naifikia kwa miguu. Kazi ni Jumamosi. Kama vijana wengi wa umri wetu, tunajenga, na kiwanja kiko Chanika. Mpaka Pugu na kuendelea ni lami, sawa. Ukiacha barabara kubwa kuingia mtaani kwetu ndipo utajua kama gari lina miguu au halina. Mashimo, makorongo ya mvua, na matuta ambayo wananchi wameyaweka wenyewe.

Halafu kuna simenti. Kukodi kirikuu kila wiki ni gharama, kwa hiyo gari la familia nalo linabeba. Mfuko mmoja ni kilo 50. Mifuko sita ni kilo 300, yaani sawa na kupakia watu wazima wanne wenye afya zao kabla mimi na baba watoto hatujaingia. Gari lenyewe lina uzito wa kama tani moja tu.

Basi likaanza. Ukikata usukani kutoka kwenye maegesho, mguu wa mbele kushoto unasema "ngo!" Nyuma nako gari lilikuwa limekaa chini, kama limepakia hata likiwa tupu. Fundi mmoja jirani akachuchumaa, akamulika kwa simu, akatuonyesha: springi ya mbele kushoto imekatika mzunguko wa chini. Za nyuma zimechoka, zimelala.

"Hii msiende nayo Chanika tena mpaka ibadilishwe," akasema. "Kipande kikitoka mahali pake kinaweza kutoboa tairi."

Springi inafanya nini?

Wengi wetu tunachanganya springi na shokapu, na mkanganyiko huo unakula pesa za watu. Springi ndiyo inayobeba gari. Ni mpagazi. Ukipita kwenye shimo inabonyea, kisha inarudi. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kuituliza springi ili gari lisiendelee kudunda kama mpira. Kwa hiyo gari likilala upande mmoja au likikaa chini, mtuhumiwa wa kwanza ni springi. Likidunda dunda baada ya tuta, au ukiona mafuta yanavuja kwenye bomba la shokapu, hapo mtuhumiwa ni shokapu.

Na kama ulipita fizikia ya sekondari, utaikumbuka sheria ya Hooke: kadiri unavyoibana springi ndivyo inavyokusukuma kwa nguvu zaidi. Ulipoisoma darasani ilikuwa ni waya mdogo na vijiwe vya kupimia. Chini ya gari hesabu ni ileile, ila vijiwe vimekuwa mamia ya kilo. Kumbuka jambo hilo, nitalirudia.

Shemeji wa Leicester

Wazo la kufunga wenyewe lilitoka kwa shemeji yangu, kaka yake baba watoto, anayeishi Leicester, Uingereza. Yeye kila kitu cha gari anafanya mwenyewe kwenye uwanja wa nyumba yake. Akatuma video. Akatuma picha za springi alizobadilisha, zimepangwa sakafuni kama zawadi. "Bro, ni bolti chache tu. Gereji ni wizi."

Kwa kule alipo, ana haki ya kusema hivyo. Anasema saa moja ya fundi kule inalipwa pesa ambayo huku unamlipa fundi siku nzima na chenji inabaki. Vifaa navyo kwake ni bei ya kawaida, na anavyo vyote tangu zamani, pamoja na sakafu ya zege iliyonyooka na mlango wa kufunga.

Sasa hamishia hesabu hiyo Dar es Salaam. Fundi alitutajia elfu sitini, miguu yote minne. Baba watoto akazunguka kuulizia vifaa: stendi mbili za kushikilia gari, vibano vya kubania springi, soketi nzuri zisizokula kona za nati, na ile spana ya kupimia mkazo wa bolti. Jumla ilipita laki mbili na nusu. Kwa kazi ambayo tutaifanya labda mara moja kwa miaka kadhaa.

Yaani kwa shemeji, ghali ni fundi na rahisi ni vifaa. Kwetu ghali ni vifaa na rahisi ni fundi. Ushauri ni uleule, lakini ukivuka bahari unageuka kichwa chini. Jamani, tunapofuata video za watu wa nje tuwe tunaliangalia hilo, iwe ni gari, iwe ni kujenga kabati la nguo.

Kuna na suala la mahali. Gari letu linalala barabarani, mtaa wenye mikokoteni, bodaboda na watoto wa shule. Upande mmoja wa barabara umeinama kupeleka maji mtaroni. Unainua gari hapo kwa jeki, halafu mtu wa mkokoteni wa magunia analigusa. Unaona picha?

Nyuma ya springi

Kama lingekuwa suala la hesabu tu, lingeisha siku hiyohiyo. Halikuisha.

Mume wangu mkataba wake wa kazi uliisha, mradi ukafungwa, na wakati huo ilikuwa mwezi wa nne hajapata mwingine. Nyumba ilikuwa inaendeshwa na mshahara wangu. Hatukuwa na ugomvi. Tulikuwa na kimya tu, kile ambacho wanandoa wengi wanakijua: mtu anaamka mapema hana pa kwenda, anaosha gari ambalo ni safi, anamtengenezea mtoto uji kabla dada wa kazi hajafika jikoni.

Kwa hiyo kila niliposema "tumpe fundi", mimi nilikuwa nazungumzia elfu sitini. Yeye alikuwa anasikia: nitalipa mimi, tena. Na kila aliposema "nitafunga mwenyewe", alikuwa anazungumzia kitu ambacho hakiuzwi Gerezani.

Usiku mmoja, mtoto amelala, nikamuuliza moja kwa moja. "Baba, hivi hapa ni pesa au kuna kitu kingine?"

Akakaa kimya. Kisha akasema, "Mama, miezi minne sijaleta kitu humu ndani. Hii kazi ya mikono naiweza. Niache niifanye."

Sikumjibu kwa hesabu ya vifaa. Kwa kweli hapo hesabu ilikuwa haina kazi. Nilimwambia tu kwamba mimi na mtoto tunapanda gari hilo, kwa hiyo tutafute sehemu ambayo akikosea inarekebishika, na sehemu ambayo akikosea hairekebishiki. Ya kwanza afanye yeye. Ya pili tusiiguse. Akakubali tukaulize kwa mtu anayejua.

Mbele si sawa na nyuma

Fundi tuliyemfuata ni mzee wa Gerezani, mtu ambaye unaanza na "shikamoo" kabla ya kutaja gari. Gereji yake ni uwazi kati ya kuta mbili, paa la mabati, na vijana watatu. Tulimweleza suala letu lote, na mume wangu hakuficha kwamba anataka kufanya mwenyewe. Nilidhani mzee atacheka. Hakucheka. Akachukua springi kuukuu pembeni, akaisimamisha juu ya benchi, akatufundisha.

Kwenye gari kama IST au Vitz, mbele springi imevaa juu ya shokapu, vyote ni kitu kimoja. Mfumo huo umepewa jina la mhandisi wa Kimarekani, Earle MacPherson, na magari mengi madogo duniani yanautumia. Springi pale imebanwa muda wote, na kilichoizuia isiruke ni sahani za juu na chini, na nati moja ya katikati kabisa. Mtu asiyejua anafungua nati hiyo kwanza, maana ndiyo inayoonekana. Springi inaachia nguvu yake yote kwa mara moja. Inaweza kuvunja mkono, taya, au zaidi ya hapo. Ndiyo maana lazima ibanwe kwanza kwa vibano viwili madhubuti, vinavyokazwa kidogo kidogo, huku na huku, mpaka springi ilegee kwenye sahani. Kuna wanaofunga kwa kamba au waya. Mzee alitamka neno moja kuhusu hao, silirudii hapa.

Nyuma ni hadithi nyingine. Kwenye magari hayo, springi ya nyuma imekaa peke yake, mbali na shokapu. Ukishainua gari vizuri na kulisimamisha kwenye stendi, unaishikilia ekseli kwa jeki, unafungua bolti za chini za shokapu, unaishusha ekseli taratibu, na springi inalegea yenyewe. Unaitoa kwa mkono. Hakuna kibano. Cha kuchunga ni mipira ya breki isivutike, na springi mpya ikae sawasawa kwenye kikalio chake.

"Kwa hiyo bosi," mzee akamwambia mume wangu, "mbele nafanya mimi. Nyuma utafanya wewe, hapahapa, nikikuangalia. Vifaa vipo. Bei ni ileile, maana utanichelewesha."

Nilimwona baba watoto akicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Kununua: hapa ndipo pesa inapotea

Tukiwa bado palepale, mzee akatuambia jambo ambalo mafundi wengi hawawaambii wateja. Pesa kubwa haiko kwenye kufunga. Iko kwenye spea. Ukimwambia fundi "kanunue ulete", anaweza kuweka cha juu, na huwezi kumlaumu sana maana ametumia muda wake. Tatizo ni kwamba hutajua alichokinunua. Ukitaka kuokoa, usianze na spana. Anza na kwenda dukani mwenyewe.

Na sisi watu wa Mnazi Mmoja duka liko mlangoni. Unavuka barabara ya Lumumba, unaiacha bustani na Mnara wa Mwenge nyuma yako, unaingia Kariakoo. Jina lenyewe, kwa wasiojua, limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, watu waliobebeshwa mizigo ya jeshi vichwani na mabegani. Ukishuka mpaka Gerezani, jirani na kituo cha mwendokasi, unakuta mitaa ambayo gari zima linaweza kununuliwa vipande vipande.

Hapo mawinga watakudaka kabla hujafika. "Sister, unatafuta nini? IST? Njoo huku." Si watu wabaya, wengine wanajua stoo kuliko wenye maduka, lakini na wao wanakula kwenye bei yako. Sisi tuliingia maduka manne kabla ya kutoa shilingi, na mume wangu ndiye aliyeongoza. Haya ndiyo aliyoyaangalia, baada ya somo la mzee.

Kwanza, alikwenda na namba ya chesisi iliyo kwenye kadi ya gari. IST zenye injini tofauti, na zile zinazoendeshwa na miguu yote minne, zinaweza kuwa na springi tofauti. "Ni ya IST hii, inaingia" si jibu.

Pili, alizisimamisha mbili mbili juu ya meza. Urefu lazima uwe sawa, unene wa chuma sawa, na idadi ya mizunguko sawa. Springi za mtumba za kutoka Japani zinaweza kuwa imara kuliko mpya za bei chee, lakini mara nyingine moja imetoka kwenye gari hili na nyingine kwenye gari lile. Ukifunga hivyo gari litalala upande.

Tatu, alipitisha kidole kwenye chuma chote. Rangi iliyobanduka na kutu iliyochimba ndipo mpasuko unapoanzia. Springi iliyopakwa rangi upya inayong'aa sana, iogope, maana rangi inaficha.

Nne, alidai risiti, na akakubaliana na muuzaji mbele ya watu kwamba zisipoingia, tunabadilisha.

Muuzaji wa duka la tatu akataka kutuuzia spesa, zile pete za kuwekwa juu ya springi ili gari linyanyuke. Dar nzima siku hizi watu wananyanyua magari, na ukiona barabara za mitaani huwezi kuwashangaa. Lakini spesa haitibu springi iliyochoka. Inakuinua tu ukiwa na ugonjwa wako. Tena gari likinyanyuliwa linayumba zaidi kwenye kona, na shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu zinakaa kwa pembe ambayo hazikuundiwa. Anayetaka kunyanyua anyanyue kidogo, kwa ushauri wa fundi, na kwa springi nzima. Sisi tuliacha.

Na jambo moja muhimu: iliyokatika kwetu ni moja tu, lakini tulinunua mbili za mbele na mbili za nyuma. Springi zinabadilishwa kwa jozi. Mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili ni sawa na mtu aliyevaa kiatu kirefu mguu mmoja.

Siku ya gereji

Ilikuwa Jumamosi. Nilikwenda na chapati na chai kwenye chupa, na mtoto nikamwacha kwa bibi yake, maana gereji si mahali pa mtoto wa miaka minne.

Mzee alianza na mbele. Niliona kila kitu: gari juu ya stendi, si juu ya jeki, tairi lililotolewa likalazwa chini ya ubavu wa gari, ili stendi ikisaliti gari liangukie tairi na si mtu. Vibano vikakazwa huku na huku, taratibu, na kijana yeyote aliyesimama usawa wa springi alifukuzwa. "Usikae mbele ya bunduki," mzee akasema. Ilipotoka ile iliyokatika, kipande cha chini kilikuwa kimekwangua chuma mpaka kinameta. Pale nilifikiria safari zetu za Chanika na nikanyamaza.

Kisha akampa mume wangu spana. "Haya bosi, nyuma kwako."

Ilimchukua karibu saa mbili kazi ambayo vijana wa pale wangeimaliza kwa dakika arobaini. Bolti moja ya shokapu ilikuwa imeshikwa na kutu, akahangaika nayo mpaka shati likalowa. Mzee hakumnyang'anya. Alimwambia tu apake mafuta, asubiri, ajaribu tena. Ilipoachia, vijana wote wakapiga makofi. Akaingiza springi ya kwanza, mzee akaigusa, akatikisa kichwa, akamwonyesha kwamba mwisho wa waya haujakaa kwenye kikalio chake. Akaitoa, akaizungusha, akairudisha. Ya pili akaiweka sawa mwenyewe.

Mwisho gari likashushwa chini, na bolti za mwisho zikakazwa likiwa limesimama kwa uzito wake. Mzee akaeleza sababu: ukizikaza mguu ukiwa unaning'inia, bushi za mpira zinabaki zimejisokota na zinakufa mapema. Baada ya hapo tukaenda kupima alaimenti kwenye duka lenye mashine, maana ukishagusa miguu ya mbele, matairi yanaweza kuwa yanaangalia pande tofauti hata kama wewe huoni. Hilo hakuna wa kulifanya nyumbani.

Kabla hujaamua

Sitaki nikuachie hadithi tu, kwa hiyo hebu tuhitimishe kwa mambo ya kushika.

Moja. Jiulize: nikikosea, nini kinatokea? Kama ni kurudia kazi, jaribu. Kama ni mtu kuumia, mpe anayejua. Springi ya mbele iliyovaa kwenye shokapu iko kundi la pili.

Mbili. Piga hesabu ya hapa ulipo. Jumlisha vifaa, mahali na siku yako nzima, halafu linganisha na bei ya fundi wa mtaani kwako, si wa Leicester.

Tatu. Jeki inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi. Kamwe usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Mawe na matofali pia hapana. Tofali linapasuka bila kukuaga.

Nne. Hata ukimpa fundi, kuna nusu ya kazi ni yako: kununua spea, kuwepo, kuuliza na kuangalia. Fundi mzuri hachukii maswali. Akikunyima kuangalia, tafuta mwingine.

Tano. Mwangalie fundi kabla ya bei. Ana stendi? Ana vibano vya kweli? Ukimkuta anabana springi kwa waya, shukuru, ondoka. Na kama wewe au mwenza wako ana hamu ya kweli ya kujifunza, vyuo vya VETA vinafundisha ufundi wa magari, na Dar tuna kimoja Chang'ombe.

Nikirudi kwetu, gari limenyanyuka, halisemi "ngo", na Chanika tunakwenda. Hatukuokoa pesa kwenye kufunga; tulilipa elfu sitini kamili, nilizitoa mimi. Tuliokoa kwenye spea, na hiyo ilitokana na miguu na macho ya mume wangu, duka hadi duka.

Mpaka naandika, bado anatafuta kazi. Springi hazikuleta mkataba, na sitaki kukudanganya kwamba kile kimya kimekwisha. Kimepungua. Juzi jirani wa ghorofa ya pili alimwomba amsindikize Gerezani kununua shokapu asije akapigwa. Waliondoka saa tatu asubuhi wakarudi saa nane, na mezani siku hiyo mwenzangu aliongea kuliko mimi.

Kwa hiyo wewe mwenye mwenza ambaye ameshika spana na anakwambia "nitafanya mwenyewe", kabla hujamjibu kwa bei ya fundi, muulize ni kazi ipi hasa anayotaka kuifanya. Halafu nendeni wote wawili mkamsalimie fundi.